Besi ya Bartolomayo

Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, saa nne asubuhi, bodaboda ilisimama mbele ya kibanda cha Stanley pale Mkonze, pembeni ya mji wa Dodoma. Aliyeshuka alikuwa mwanamke mrefu, amevaa sweta juu ya kitenge, na kifuani amekumbatia kitu kirefu kilichoviringishwa ndani ya shuka la maua. Stanley alikuwa ameinamia redio ya mteja. Aliinua macho aseme karibu, bisibisi ikabaki hewani.

Alikuwa Angelina.

"Habari za siku nyingi, Stanley?"

"Njema tu." Alisimama, akajifuta mikono kwenye suruali, halafu hakujua aipeleke wapi. "Karibu. Karibu ukae, Mama Jenifa."

Angelina alitabasamu kidogo kwa kusikia jina la mwanawe. Kumbe analijua. Katika miaka kumi na tisa walikuwa wameonana mara nne, zote misibani, na mara zote nne walisalimiana kwa mbali, katikati ya watu, kama majirani wa zamani wasiodaiana chochote. Leo walikuwa wawili tu, na kati yao meza iliyojaa waya na bisibisi.

"Nimekuletea kazi," alisema, akakilaza kile kitu mezani na kufungua shuka.

Stanley alilitambua kabla halijaisha kufunuliwa. Gitaa la besi la Bartolomayo. Wekundu wake ulikuwa umefifia ukawa rangi ya udongo, na pale juu ya nyuzi, mahali anapoegemeza kidole gumba, mbao ilikuwa imelika ikaacha kishimo laini kinachoenea kidole kimoja tu duniani. Alilisikia gitaa hilo kila Jumapili ya ujana wake, kule Mpwapwa, walipokuwa watatu katika kwaya moja: Bartolomayo kwenye besi, yeye kwenye gitaa la solo, na Angelina mbele, akiimba huku amefumba macho.

Sasa shingo ya gitaa ilikuwa imevunjika karibu na kichwa, ikishikiliwa na nyuzi peke yake.

"Limefanya nini?"

"Amelilalia. Alijaribu kusimama nalo, akaanguka."

"Bartolomayo?"

"Hukusikia?" Angelina alimtazama. "Alipata kiharusi mwezi wa tatu. Upande wote wa kushoto umelala."

"Nilisikia anaumwa. Sikujua ni hivyo." Stanley alipitisha kidole kwenye ufa. "Na mkono?"

"Na mkono."

Mpiga besi anadonoa nyuzi kwa mkono wa kulia, lakini muziki wenyewe anautafuta kwa mkono wa kushoto, kule shingoni. Angelina alilijua hilo sawasawa na Stanley.

"Daktari anasemaje?"

"Anasema tumshukuru Mungu anaongea na anatutambua. Ameniambia kiharusi kingine kikija, nisitegemee sana." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, ya mwalimu anayesoma mahudhurio. "Yeye anaamini akipata gitaa lake vidole vitaamka."

"Angelina, vidole havita..."

"Najua."

"Sasa unataka nilitengeneze la nini?"

"Kwa sababu ameniomba. Tangu augue hajaniomba kitu. Chakula haombi, maji haombi, nikisahau kumgeuza hasemi. Juzi akaniambia, Mama Jenifa, nipelekee besi kwa fundi. Nifanyeje? Nimwambie haina maana?"

"Mafundi wako wengi mjini."

"Alikutaja wewe. Alisema mtu mwingine asiliguse."

Angelina alikunja shuka lake, akalikunja tena, ingawa lilikuwa limeshakunjika vizuri. Alipoinua macho yakakutana na ya Stanley, na kwa muda mfupi usiofaa hakuna aliyeyaondoa. Kisha akasema atapita Jumatano akitoka shuleni, akatoka nje kwenye vumbi na upepo wa baridi, na Stanley akabaki ameshika shingo iliyovunjika kama aliyekabidhiwa mgonjwa.

*

Wakati ule Mpwapwa kila mtu alijua kwamba Stanley na Angelina ni wachumba. Wao wenyewe walijua tangu zamani. Lakini mjomba wa Stanley alipokwenda kwa Mzee Raphael, baba yake Angelina, aliyekuwa mwinjilisti, alirudi na jibu fupi. Mzee alisema hana ugomvi na kijana, tatizo ni nyumba anayotoka. Baba yake bado anatambika, bado anamwaga pombe makaburini kuomba mvua. Binti wa mwinjilisti hawezi kwenda kupika pombe ya mizimu.

Stanley alisikiliza habari hiyo amesimama. Hakwenda kumwona mzee. Hakwenda kumwona hata Angelina. Alfajiri ya siku ya pili alipanda basi la Dodoma na begi moja, na kabla mwaka haujaisha akasikia kwamba Bartolomayo, rafiki yake, kijana aliyeajiriwa kwenye chuo cha mifugo, ametuma wazee na amekubaliwa. Baadaye Bartolomayo alipata kazi chuo kikuu, akamhamishia mkewe nyuma ya ukumbi wa Chimwaga, Dodoma, na Stanley akawa anaikwepa njia ile hata akiwa na kazi ya kule. Naye alioa. Ndoa haikufika miaka mitatu. Mwanamke alisema amechoka kuishi na mtu ambaye nusu yake haipo nyumbani, na Stanley hakuwa na la kubisha.

Wiki ile aliacha kazi zote. Alitoa nyuzi zilizoota kutu, akafungua kifuniko cha nyuma, na ndani akakuta waya zilizounganishwa vibaya, madonge makubwa ya risasi ya kuchomelea kama kamasi. Alicheka peke yake. Ilikuwa kazi yake mwenyewe, ya alipokuwa na miaka ishirini na miwili, hajui lolote. Aliyachomoa yote akachomelea upya. Akasugua vyuma vya shingoni vilivyolika hadi vikafanya mabonde. Ufa wenyewe aliusafisha kwa brashi ya meno, akachonga kipande chembamba cha mbao ya mninga cha kuongeza nguvu, akatafuta sindano ya hospitali ya kuingizia gundi ndani kabisa.

Jumatano Angelina alikuja, chaki bado iko kwenye kucha.

"Umefika wakati mzuri," Stanley alimwambia. "Nisaidie kushika. Nikikaza jiriwa peke yangu shingo inahama."

"Nishike wapi?"

"Hapa. Usilegeze mpaka nikwambie."

Alishika. Stanley aliingiza gundi, akafunga mpira wa tairi kuzunguka ufa, akaanza kukaza jiriwa, kile kibanio cha chuma, polepole. Vichwa vyao vilikuwa karibu kiasi kwamba ilibidi mmoja avute pumzi mwingine anapoitoa. Nywele za Angelina zilikuwa na mvi mbili tatu juu ya sikio. Stanley hakuwa amezijua mvi hizo. Alizitazama kwa wivu, kana kwamba mtu amemwibia siku zilizozileta.

"Unakaza au unaniangalia?" Angelina aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nakaza."

Angelina akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha puani, na kilimtoka kabla hajajiandaa. Stanley alihisi kitu kikifunguka kifuani, na papo hapo akaona haya, maana alijua hicho kitu kinaitwa nini na kinamsubiri nani afe.

"Uliondoka bila kuaga," Angelina alisema ghafla. Bado alikuwa ameshika.

"Baba yako alikuwa ameshakataa."

"Baba alikataa, ndiyo. Mimi nilikuwa sijaulizwa."

Stanley aliacha kukaza. Alitafuta la kusema, akapata mambo kumi, na yote yalikuwa ya kusemwa na kijana wa miaka ishirini na tano kwenye uwanja wa Mzee Raphael kule Mpwapwa.

"Naweza kulegeza?" Angelina aliuliza.

"Legeza."

Alifuta gundi vidoleni kwa kipande cha gazeti, akamuuliza litakuwa tayari lini. Jumapili, Stanley alisema. Atalipeleka mwenyewe, akaliunge na spika kule kule. Angelina alifikiri kidogo, akasema sawa, baada ya ibada.

*

Bartolomayo alikuwa ameketishwa kwenye kiti cha mikono, dirishani, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Zamani alikuwa mwanamume wa kujaza mlango. Sasa shati ndilo lililokuwa kubwa. Upande mmoja wa uso ulikuwa umeteremka, na ulimi ulikuwa mzito, lakini macho yalikuwa yake.

"Mbukwa, Stani," alimsalimu kwa Kigogo, taratibu. "Umezeeka."

"Wewe je?"

"Mimi nimekatika nusu. Nusu haizeeki." Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Lete mtoto wangu."

Stanley aliunganisha waya kwenye spika ndogo aliyokuja nayo, akamwekea gitaa mapajani. Lilikuwa linang'aa. Bartolomayo aliinusa vanishi, akapitisha mkono wa kulia kwenye shingo, akasimamisha kidole mahali palipokuwa na ufa na hakuuona. Kidole gumba kikaenda chenyewe kwenye kishimo chake. Akadonoa uzi mnene. Sauti ikajaa chumba, ikatetemesha vikombe kabatini.

"Ndiyo yenyewe," alisema, na macho yakamlengalenga. "Mama Jenifa, nisaidie na huu mwingine."

Angelina alipiga magoti pembeni ya kiti. Aliunyanyua mkono wa kushoto wa mumewe kwa mikono yake miwili, akauweka shingoni mwa gitaa, akavipanga vidole juu ya nyuzi kimoja kimoja kama anavyowapangia watoto wa darasa la kwanza penseli. Alivibana kwa vidole vyake. Akaachia.

Mkono uliteleza ukaanguka.

"Tena," alisema Bartolomayo.

Aliupanga tena. Ukaanguka tena. Mara ya tatu jasho lilikuwa linamtiririka Bartolomayo kwenye paji la uso, mshipa wa shingo umetuna, na kidole kimoja hakikutikisika. Stanley aligeukia dirishani. Mara ya tano Bartolomayo alisema, "Basi."

Angelina aliuweka ule mkono pajani kwake, akaufunika kwa wake, akakaa hivyo kidogo. Kisha akainuka. "Nawaletea chai," alisema, na sauti yake ilikuwa imara.

Walipobaki wawili, Bartolomayo alirudisha kidole gumba kwenye kishimo cha gitaa.

"Nilijua, Stani," alisema.

"Ulijua nini?"

"Nilipotuma wazee kwa Mzee Raphael. Nilijua Angelina anakusubiri. Nilimwona kwa macho yangu anakusubiri. Nikasema moyoni, kama sitakuwa mimi atakuwa mwingine." Alimeza mate kwa shida. "Sijawahi kukwambia."

"Yameshapita hayo."

"Hayajapita. Ungekuja hapa nyumbani kama yangekuwa yamepita." Alipumzika, akavuta pumzi. "Nisikilize, nachoka haraka. Sina muda. Besi nakuachia wewe. Na Angelina pia namwacha kwako. Kaka zangu nawajua, nikifumba macho watakuja na ukoo wao, watasema mji huu ni wa marehemu, mke huyu ni wa ukoo. Sitaki. Umchukue wewe. Nimemchukua kwako, namrudisha kwako. Umenisikia?"

Stanley alijua neno la kusema. Lilikuwa hapana, au lilikuwa kaa kimya, ndugu yangu, mkeo yupo jikoni. Lakini kile kilichofunguka Jumatano kilikuwa bado wazi kifuani mwake, kikisikiliza kwa masikio yote. Macho yake yakateremka sakafuni.

"Nimekusikia," alijibu.

"Umemsikia?"

Angelina alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Hakuna aliyejua amefika saa ngapi. Aliingia, akaliweka sinia juu ya meza taratibu mno, akamwangalia Stanley.

"Umesema umemsikia. Ni nini ulichosikia?"

"Mama Jenifa," Bartolomayo alianza, "nilikuwa nataka tu..."

"Ngoja, Baba Jenifa. Nitakuja kwako." Lakini hakungoja, alimgeukia pale pale, na machozi yakaanza kumshuka bila yeye kuyajali. "Mimi si gitaa, Barto. Siachwi kwa mtu. Sirudishwi. Nimekuogesha asubuhi hii, nimekuvalisha hilo shati, nimekulisha uji kwa kijiko, na wewe umekaa hapo unanigawa?"

"Ninakuogopea. Kaka zangu..."

"Ungeniuliza! Ungesema, Angelina, nikiondoka utafanyaje? Ningekwambia. Nina kazi yangu, nina mtoto wangu, nina akili zangu. Mara ya kwanza wazee wenu walikaa sebuleni na baba yangu, mimi nikawa jikoni nakoroga chai, nikaitwa nikaambiwa yamekwisha. Nina miaka arobaini na mitatu. Leo tena niko jikoni, na tena yamekwisha!"

"Angelina," alisema Stanley, "mimi sikumwomba."

"Hukuomba." Alimgeukia, na mtazamo wake ulikuwa mbaya kuliko maneno. "Wewe hujawahi kuomba kitu maisha yako yote. Unasubiri upewe. Ukinyimwa unapanda basi, ukipewa unasema nimekusikia."

Bartolomayo alikuwa analia. Mtu aliyepooza uso hulia upande mmoja, na upande mwingine unabaki umetulia kama hauhusiki. Angelina alichukua leso, akampangusa macho na mdomo, akamrekebisha kola. Alifanya hivyo bila kumsemesha. Kisha akamwambia Stanley, "Twende nikusindikize."

Nje jua lilikuwa kali na upepo baridi. Walitembea hadi kwenye uzio wa michongoma. Bodaboda aliyemleta Stanley alikuwa ameegesha mbali kidogo, anaongea na simu.

"Nikuulize sasa?" Stanley alisema.

"Uniulize nini?"

"Nilichotakiwa kukuuliza."

"Mume wangu yuko ndani, anapumua. Unaniuliza huku nje?" Hakuwa na hasira tena, na hilo lilimtisha Stanley zaidi. "Nilikusubiri miezi saba. Hilo nalo hukulijua. Kila basi la Dodoma lilipoingia stendi ya Mpwapwa nilikuwepo, nimebeba karanga kwenye ungo ili baba asiulize nafuata nini. Watu walinunua karanga zangu. Abiria wakashuka wote, kila siku. Wewe hukushuka."

"Nilidhani umeniacha."

"Ulidhani. Barto naye alikuwa ananunua karanga. Alikuwa ananunua ungo mzima ili nirudi nyumbani mapema, mvua isininyeshee. Hakuniambia kwamba anajua nasubiri nani, na mimi sikumwambia. Ndiyo tumeishi hivyo, na tumeishi vizuri, Stanley. Nataka ujue. Nilimpenda polepole, lakini nilimpenda."

"Na mimi?"

Angelina alitazama kule kwenye mabweni ya chuo, juu ya kilima.

"Jumatano, nilipoachia shingo ya gitaa," alisema, "nilifika nyumbani sikunawa mikono mpaka jioni. Nikampikia mume wangu na gundi yako vidoleni. Basi umejua. Sitalisema tena."

Stanley alinyoosha mkono. Angelina akarudi nyuma hatua moja.

"Nisikilize vizuri, maana na wewe unapenda kusema umesikia. Siku ukipata habari kwamba amekufa, usije msibani."

"Angelina, ni rafiki yangu."

"Usije. Kaka zake watakuwepo, Jenifa atakuwepo, baba yangu na uzee wake ataletwa. Nitakuwa nimekaa kwenye mkeka na nguo nyeusi. Ukiingia nitakuangalia. Siwezi kujizuia, nitakuangalia, na kila mtu ataona, na mwanangu atadhani nilikuwa nasubiri baba yake afe. Usije siku hiyo. Na baada ya hapo usije."

"Hata baada ya mwaka?"

"Aliposema amekuachia, alikufungia njia. Nikija kwako nitakuwa nimerithiwa. Sitakaa siku moja kwako bila kukumbuka kwamba ulisema ndiyo kabla yangu." Alielekeza kidevu dirishani. "Ungesema hapana mle ndani, Stanley. Neno moja tu. Ungesema, muulize mwenyewe."

Stanley aliitafuta ile sauti ambayo ingemjibu, na akajua, pale pale kwenye uzio, kwamba hakuwa nayo kule Mpwapwa na hakuwa nayo leo.

"Sitakuja," alisema.

Angelina alitikisa kichwa, kama mtu aliyekuwa bado na tumaini dogo kwamba atabishiwa.

Kutoka ndani, kupitia dirisha, Bartolomayo aliita. Ulimi wake ulilivuta jina, ukalikata vipande, lakini lilikuwa jina la mkewe mwenyewe, si la mtoto wao.

"An-ge-li-na."

Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, upande mmoja, kisha wa pili.

"Abee," aliitika, akaenda.